Maswali ya Wasomaji: Basenji, Mbwa wa Msituni Asiyebweka

Picha ya mbwa wa basenji tuliyoichapa katika toleo lililopita imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na tumechagua tano ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine. Anayejibu ni daktari wetu wa mifugo.

Daktari, salamu kutoka Bunia, Kongo. Mlichapa picha ya mbwa mdogo mwekundu mwenye mkia uliojikunja, mkaandika kwamba huko Ulaya ni mbwa wa heshima. Marehemu baba yangu alikuwa mwindaji upande wa Mambasa, na mbwa wake wote walikuwa vile vile. Alikuwa akiwafunga kengele ya mti shingoni, akiijaza majani ili isilie njiani, na kuyatoa walipofika mahali pa kuwinda. Je, ndio mbwa hao hao? Na kwa nini waitwe basenji, neno ambalo kwetu ni tusi?

Ndiyo, ndugu yangu, ndio hao hao, na barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa kuwa wengi wanaomfuga basenji leo hawajapata hata mara moja kuisikia kengele hiyo ikilia msituni.

Nianze na jina. Basenji na washenzi ni neno moja lililovaa viambishi tofauti: sisi wa Kiswahili tunasema washenzi, wa Kilingala husema basenji, na zama za utawala wa Wabelgiji ndivyo walivyoitwa watu wa vijijini waliohesabiwa kuwa hawajastaarabika. Mbwa wao wakaitwa mbwa wa basenji, kisha wageni waliowachukua wakalikata jina katikati na kuliacha tusi likawa jina la mbwa. Huku Kenya na Tanzania bado tunasema "mbwa shenzi" kwa mbwa yeyote asiye na cheti cha ukoo, na mimi neno hilo huniuma, kwa sababu mbwa wa Ituri na wa Uele, huko kaskazini-mashariki mwa Kongo, hakupatikana ovyo. Mwindaji aliyeona kwamba mbwa wake mmoja huwahi kumgundua paa, hapotei na hachoki, ndiye huyo aliyetaka watoto wake. Jambo hilo likirudiwa vizazi kwa vizazi, matokeo yake ni mbwa wa mbari kamili, hata kama hapakuwa na daftari la kuandikia nasaba.

Msafiri Georg Schweinfurth, aliyefika nchi ya Wazande, katikati ya Afrika, mwaka 1870, aliwaona mbwa hawa wadogo wenye mkia uliojiviringa na akawaeleza katika maandishi yake. Mwaka 1895 wawili walioneshwa katika maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, lakini hawakuishi muda mrefu, na wengine sita waliochukuliwa kutoka kusini mwa Sudan mwaka 1923 nao walikufa. Distempa ndiyo iliyowaponza, maradhi ambayo miili yao haikuwa na kinga nayo, na wale wa 1923 chanjo ya wakati huo, iliyokuwa bado changa, iliwadhuru badala ya kuwakinga. Ilikuwa mwaka 1937 ambapo Bi Olivia Burn aliwapeleka Crufts mbwa wenye asili ya Kongo kwa jina la basenji, watu wakajaa kuwatazama. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1987 na 1988, wafugaji wa Marekani walirudi Zaire, kama nchi yenu ilivyoitwa wakati huo, wakitafuta damu mpya, kwa sababu basenji wote wa ng'ambo walitokana na mbwa wachache mno na maradhi ya kurithi yalikuwa yameanza kuwaandama. Mwaka 1990 daftari la nasaba la Marekani lilifunguliwa ili mbwa hao wapya waandikwe. Kwa maneno mengine, chemchemi iko kwenu.

Ukitaka kuwapima mbwa ulionao, tazama mambo haya. Dume husimama kiasi cha sentimita 43 begani na huwa na uzito wa kilo 11 hivi. Jike ni sentimita 40 na kilo 9.5. Ni mbwa mwepesi, mwenye miguu mirefu kuliko unavyoitarajia kwa mwili ule, kifua kilichoshuka, tumbo lililoingia ndani, na shingo ndefu iliyopinda kidogo kwa nyuma. Masikio yamesimama na yana ncha, na anaposikia jambo, ngozi ya paji la uso hujikunja mikunjo mingi midogo, kama ya mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Macho ni ya lozi, meusi, na hutazama mbali. Mkia hupanda juu ya mgongo na kujikunja kwa nguvu hata ukalala pajani, mzunguko mmoja au miwili. Rangi ni nyekundu, nyeusi, nyeusi yenye madoa ya kahawia, au milia, lakini wote huwa na nyeupe miguuni, kifuani na kwenye ncha ya mkia. Akikimbia, hatua zake ni ndefu na laini, na anaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu bila kuonesha uchovu.

Kengele ya baba yako inaeleza mengi. Mbwa huyu huwinda kimya. Akizama kichakani humsikii, na mwindaji mwenye upinde au mwenye nyavu hawezi kujua mnyama anatimuliwa kuelekea wapi. Kengele ndiyo iliyompa habari hiyo, na yale majani yaliizuia isiwashtue mboloko, yaani paa wadogo wa msituni, na ndezi kabla ya wakati.

Ushauri wangu ni kwamba mbwa waliobaki katika ukoo wenu muwachanje, msiwaache wazaane na mbwa walioletwa kutoka mjini, na mwandike, hata katika daftari la shule, nani alizaliwa na nani.

Daktari, mimi ni msomaji wa Nairobi. Nina basenji dume wa miaka miwili niliyemnunua kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Tulimtaka awe mlinzi, lakini hajawahi kubweka. Nikimwita hunitazama vizuri, kisha huendelea na shughuli zake. Mwezi uliopita alipanda ua wa waya kwa miguu yote minne, akaingia kwa jirani na kuua kuku watatu. Mke wangu anasema ana ugonjwa wa kichwa. Jirani anasema mbwa wa namna hii dawa yake ni fimbo. Nifanye nini?

Mbwa wako si mgonjwa, bwana. Kila ulilolitaja ni tabia ya basenji mwenye afya, na lawama, ikiwa ipo, ni ya aliyekuuzia bila kukueleza.

Kwanza, sauti. Basenji si bubu. Hunguruma, hulia, hupiga mayowe akishikwa asipotaka, na mara moja moja hutoa bweko moja fupi likaishia hapo hapo. Akifurahi hutoa sauti inayopanda na kushuka, iliyo kati ya kucheka na kuimba, na mtu asiyemjua hudhani kuna mtoto mchanga ndani ya nyumba. Asichofanya ni kubweka mfululizo, na kwa hiyo hawezi kukuamsha usiku kama anavyofanya mbwa wa ulinzi. Anaona kila kitu, lakini hatangazi. Ikiwa unahitaji mlinzi, tafuta mbwa mwingine kwa kazi hiyo, wala usimlaumu huyu kwa kazi ambayo hakuumbiwa. Na ukitafuta, chukua jike: basenji dume mara nyingi hagombani na jike, lakini madume wawili katika ua mmoja ni ugomvi.

Pili, utii. Kuna orodha iliyochapishwa mwaka 1994 ambayo ilizipanga mbari za mbwa kwa wepesi wa kufuata amri, na basenji akawekwa wa pili kutoka mwisho. Watu wengi hunukuu orodha hiyo kuthibitisha kwamba mbwa huyu ni mjinga, nami sikubaliani nao hata kidogo. Kilichopimwa ni utii. Mbwa anayechunga kondoo hufanya kazi huku akimtazama bwana wake, kwa hiyo amezoea kusubiri ishara. Basenji hufanya kazi ndani ya kichaka kizito, mahali ambapo bwana wake hamwoni, na lazima aamue peke yake apite wapi, asimame lini, amzunguke mnyama upande gani. Mbwa wa kusubiri ishara angerudi mikono mitupu. Huyo anayekutazama ukimwita amekusikia na amekuelewa. Anapima kama kuna sababu ya kuja.

Mpe sababu hiyo. Chukua vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa, ukubwa wa punje ya hindi, na umfundishe kabla ya chakula, tumbo likiwa tupu, kwa dakika tano tu, mara mbili au tatu kwa siku. Mwite jina lake mara moja. Akija, mpe, msifu, kisha mwache aende zake. Acha somo kabla hajachoka, kwa sababu basenji akirudiwa jambo lile lile mara kumi huona halina maana tena. Usimwite kamwe ili umkaripie au umwogeshe, maana atakumbuka. Fimbo itamfunza jambo moja tu, kwamba mkono wako si wa kuaminiwa, na atalihifadhi jambo hilo kwa miaka. Hata ukifaulu katika mafunzo, usimfungue kamba karibu na barabara. Paka akikatiza mbele yake, au karatasi ikipeperushwa na upepo, jicho likishashika shabaha masikio hufungwa, na magari ndiyo huwaua basenji wengi wa mijini.

Tatu, ua. Waya wenye matundu ya almasi kwa basenji ni ngazi. Vidole vyake vinaingia katika kila tundu. Weka ukuta au mabati yaliyosimama wima, yasiyopungua mita 1.8, bila mbao za kushikia upande wa ndani, na uzamishe sehemu ya chini ardhini kwa sababu asipopanda atachimba. Ondoa pipa, kuni na kitu chochote cha kukanyagia karibu na ukuta. Kuku wa jirani ulipe, na umwombe radhi ukiwa peke yako bila mbwa.

Jambo la mwisho ni mazoezi. Mbwa aliyezaliwa kwa ajili ya kukimbia siku nzima akifungiwa katika ua mdogo atatafuna viatu, mito na miguu ya viti. Mpe saa moja ya mwendo wa haraka kila siku, asubuhi na jioni kwa kugawanya. Kwa kuwa uko Nairobi, msitu wa Karura huruhusu mbwa waliofungwa kamba, na harufu za vichaka vya pale zitamchosha akili kuliko kilomita kumi za lami. Niliwahi kumpokea kliniki dume mmoja aliyeletwa kwa tuhuma za ukorofi. Mwenye naye alipokuwa akinisimulia makosa yake, yeye alikaa juu ya meza ya uchunguzi akilamba mguu wa mbele na kuupitisha juu ya sikio, kama paka, taratibu, upande mmoja kisha wa pili. Nilitikisa funguo mfukoni: mikunjo ikajaa pajini, shingo ikarefuka, akanitazama. Nilipompa kipande cha nyama alikipokea kwa ncha za meno. Baada ya wiki sita za kutembezwa, tuhuma zilikwisha.

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa Kikenya ninayeishi Minneapolis. Basenji wetu jike ana miaka mitano. Tangu majira ya joto anakunywa maji mengi, anaamka usiku kwenda kukojoa, na amekonda ingawa anakula. Daktari wa huku amesema mkojo una sukari lakini sukari ya damu ni ya kawaida, na akataja Fanconi. Maelezo yake kwa Kiingereza hayakuniingia vizuri. Naomba unifafanulie kwa lugha yetu.

Marahaba, mama. Pole kwa wasiwasi, na mshukuru daktari wako kwa kupima mkojo na damu kwa pamoja, kwa sababu mahali pengi ugonjwa huu hudhaniwa kuwa kisukari. Mkojo wenye sukari huku damu ikiwa sawa si kisukari, na mbwa wa namna hiyo akipigwa sindano ya insulini anaweza kufa.

Figo hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza huchuja damu na kumwaga nje ya mishipa maji pamoja na vitu vingi, vibaya na vizuri. Kisha maji hayo hupita katika mifereji midogo sana, ambayo kazi yake ni kuokota vile vizuri na kuvirudisha mwilini: sukari, asidi amino zinazojenga nyama, madini, na bikaboneti inayozuia damu isiwe na asidi nyingi. Katika ugonjwa wa Fanconi mifereji hiyo huacha kuokota. Mbwa anakula, lakini anachokula kinamwagika na mkojo; ndiyo maana anakonda, na kwa kuwa sukari inayotoka huvuta maji nayo, kiu haiishi. Dalili mara nyingi huonekana kati ya miaka minne na saba. Usimpunguzie maji hata siku moja kwa nia ya kuzuia kukojoa.

Tiba yake ni kumrudishia kinachopotea. Daktari atapima gesi na madini ya damu, kisha atakadiria vidonge vya bikaboneti, na akiona haja ataongeza potasiamu na vitamini. Vipimo hurudiwa ili dozi irekebishwe, kwa hiyo ni safari ndefu yenye gharama, lakini mbwa aliyegunduliwa mapema na kutunzwa hivi anaweza kuishi miaka mingi mizuri. Usianze kumpa magadi ya jikoni kwa kukisia.

Mwombe daktari pia afanye kipimo cha vinasaba. Basenji hurithi ugonjwa huu pale tu anapoupata kwa baba na kwa mama. Mwenye nakala moja haugui, lakini hupitisha. Kipimo cha kwanza cha kukadiria kilipatikana mwaka 2007, na mwaka 2011 kikaja cha moja kwa moja, vyote kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri. Kikionesha kwamba mbwa wako hakurithi, basi mwambie daktari vitafunwa vyote anavyopewa, hasa vipande vya nyama kavu vya dukani, kwa kuwa baadhi yake vimehusishwa na Fanconi ya kupata ukubwani, na hiyo huweza kupona vikiachwa.

Kwa wasomaji wengine wenye basenji wazima: nunueni vijiti vya kupimia sukari ya mkojo, vile vile vya binadamu vinavyouzwa katika duka la dawa, na kuanzia umri wa miaka mitatu mpimeni mara moja kwa mwezi. Alfajiri, mbwa anapotoka kukojoa mara ya kwanza, ingiza upawa wa zamani wenye mpini mrefu chini yake bila kelele, kisha chovya kijiti. Rangi ikibadilika, nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Kwa baridi ya huko, mama, mvalishe koti kila atokapo, maana nywele zake ni fupi na nyembamba, na mwoshe miguu mkirudi ili asilambe chumvi inayomwagwa barabarani.

Shikamoo Daktari. Niko Arusha. Jike wangu wa basenji ana mwaka mmoja na miezi saba na ameingia joto mara moja tu. Mbwa wa majirani huingia mara mbili kwa mwaka. Nataka watoto. Kuna dawa?

Marahaba. Haina haja ya dawa. Basenji wengi huingia joto mara moja kwa mwaka, na Ulaya na Marekani mara nyingi huwa miezi ya mwisho wa mwaka, siku zinapofupika. Ni moja ya mambo yanayomtenga na mbwa wengi wa kufugwa. Subiri afike miaka miwili, na usimpandishe kabla yeye na dume hawajapimwa Fanconi. Mimba huchukua siku 63 hivi. Watoto wachanjwe distempa na pavo, maradhi ya kuhara yanayoua watoto wa mbwa, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, chanjo irudiwe kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, na kichaa cha mbwa wachanjwe wakifika miezi mitatu. Arusha kupe hawakosekani, kwa hiyo pitisha vidole kila jioni masikioni na katikati ya vidole vya miguu. Ugali na dagaa wasio na chumvi si chakula kibaya kwa mama anayenyonyesha, mradi dagaa wawe wengi na uongeze mayai au nyama. Lakini kitunguu usitie, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha.

Assalamu alaykum Daktari. Tunaishi Muscat na kijana wangu anataka kuleta basenji. Atalihimili joto la huku? Na ni kweli kwamba mbwa huyu hanuki?

Waalaykumu salaam. Ni kweli kwamba harufu yake ni kidogo sana, kwa sababu hujilamba na kujisafisha kutwa, na nywele zake hazishiki uchafu. Kitambaa chenye unyevu mara moja kwa wiki na brashi ya mpira humtosha. Kucha, hata hivyo, hukua haraka, na kwa kuwa hapendi kushikwa miguu, azoeshwe kukatwa tangu mchanga.

Joto la msituni analijua, lakini msitu una kivuli na lami ya Muscat haina. Kuanzia Mei hadi Septemba atembezwe kabla ya jua kuchomoza na baada ya isha, na kijana wako aweke kwanza mgongo wa kiganja chake barabarani: ikiwa hawezi kuuacha hapo kwa sekunde saba, mbwa naye asipitishwe. Asiachwe ndani ya gari, hata kwa muda wa kununua mkate. Mchana akae ndani penye ubaridi, na bakuli la maji liwe zito la udongo, kwa sababu jepesi atalibeba mdomoni na kulichezea mpaka limwagike.